Kaburi Lililonisubiri Lurujo

Kaburi langu lilichimbwa Lurujo mchana mmoja wa kiangazi, mimi nikiwa bado hai. Nilikuwa nimelazwa hospitalini Arua, kaskazini mwa Uganda, kwa taifodi, dripu mkononi, na nilipewa habari zake na watu waliodhani sisikii.

Ili mambo yaeleweke, lazima niwataje wanawake wawili. Mama yangu ni Mkatoliki wa Ediofe, anakaa mahali ambapo kengele ya kanisa kuu humwamsha kila siku. Baba yangu alikuwa Mwislamu wa Koboko. Alifariki nikiwa mdogo sana, na kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba, dada yake alinichukua akanilea kijijini kwao Lurujo. Huyo ndiye shangazi yangu. Alininyoa nywele za kwanza, akanipeleka kwa mwalimu wa Kurani, akanifundisha kupalilia muhogo. Nilipofaulu mtihani wa darasa la saba, mjomba upande wa mama alinitafutia nafasi shule ya misheni kule Ombaci. Huko nilibatizwa na kupewa kipaimara, kwa sababu wanafunzi wote wa bweni langu walikuwa wakifanya hivyo, na siku ile kulikuwa na nyama.

Baadaye nilikwenda chuo kikuu Kampala kusoma falsafa, somo linalomfaa mtu asiyetaka kuulizwa anaamini nini, maana huko swali hujibiwa kwa swali. Nikarudi Arua, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kuandika ripoti za mashirika yanayosaidia wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Nimeandika maneno "mwelekeo wa maisha" mara nyingi kuliko mhubiri yeyote, daima kuhusu maisha ya watu wengine.

Kuhusu dini nilikuwa na msimamo niliouona wa kiungwana. Idi nilikula Lurujo, Krismasi nilikula Ediofe. Kanisani nilisimama waliposimama. Msikitini nilingoja nje, nikiongea na wenye bodaboda. Mtu akiniuliza, nilisema kwamba kuchagua upande mmoja kungekuwa kuutukana upande wa pili, na watu walinisifu kwa hekima. Ukweli ni kwamba sikuwa nimefikiria lolote. Uvivu ukivaa shati safi hupewa heshima.

Mke wangu alipofariki, miaka michache iliyopita, nilianza kuchoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nilikwenda kazini, nikaandika, nikala, nikazungumza na watoto wangu walioko Kampala kwa simu, na yote hayo niliyafanya kama mtu anayemshikia mwingine kiti mpaka mwenyewe afike. Katika hali hiyo taifodi ilinikuta.

Siku ya tatu wodini homa ilipanda vibaya. Mama alimwita padri aje kunipaka mafuta ya wagonjwa. Kwa Wakatoliki sala hiyo ni ya kumwombea mgonjwa apone, na mtu anaweza kupakwa leo na kesho akaenda sokoni. Lakini binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa ametoka kununua maji ya kunywa. Aliporudi mlangoni aliona padri mwenye stola shingoni akinigusa paji la uso na viganja, mama na ndugu zake wamepiga magoti wanalia. Hakuuliza. Katika dini yake, mwili wa mtu huguswa kwa namna hiyo pale tu ambapo mwenyewe hahitaji tena kuulizwa. Alitoka nje, akapiga simu Lurujo, akasema, "Chimbeni."

Vijana wa nyumbani hawakuzembea. Kwa Waislamu maiti haingoji, na barabara ya Arua mpaka Koboko ni ya lami siku hizi, kwa hiyo walijua ningefika kabla ya magharibi.

Nilijua yote hayo kutokana na ugomvi uliozuka kando ya kitanda changu shangazi alipofika kunichukua. Macho yangu yalikuwa yamefumba na ulimi haukunitii, lakini masikio yalikuwa salama kabisa.

"Nani aliwaambia wachimbe?" Hiyo ilikuwa sauti ya mjomba. "Mtu anapumua."

"Kama iko napumua, tutangojea," alisema shangazi. Kiswahili chake alikiokota kambini, mumewe alipokuwa askari, na hajawahi kukiombea radhi. "Lakini akikufa, iko naenda siku ile ile. Sisi hapana ngojea kwaya."

"Atalala Ediofe usiku mmoja. Watoto wake watatoka Kampala. Alibatizwa Ombaci, mama."

"Nywele yake mimi nilinyoa Lurujo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilimlipia shule."

"Mimi nilimpangusa matako."

Hapo mjomba alishindwa kidogo, maana hoja hiyo haina jibu katika vitabu. Ndipo mama akauliza kwa Kilugbara, polepole: "Yeye mwenyewe alisema anataka nini?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kukohoa. Mimi nilingoja jibu kwa hamu kuliko wote. Nilitaka mtu aseme, hakika, siku fulani alisema hivi. Hakuna aliyekuwa na neno. Nimeishi miaka hamsini na kitu, nimeandika maelfu ya kurasa, na watu wanaonipenda kuliko wote duniani walikuwa wamesimama juu yangu bila kujua wanipeleke wapi, kwa sababu sikuwahi kuwaambia. Nilikuwa nimejiona mtu huru. Kumbe nilikuwa mzigo ulioachwa stendi bila jina la mwenyewe.

Nilitaka kusali, nikagundua kwamba sijui naanza na nani. Nilisema tu, moyoni, nimechoka. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Jioni homa ilishuka, na muuguzi akaleta uji.

Shangazi aliponiona nakunywa alivuta mkeka wake kando ya ukuta akaswali. Aliporudi alinitazama sana.

"Kaburi yako tayari iko," alisema. "Usijali. Tutafunika na mabati."

*

Nilipotoka hospitali nilikaa kwa mama Ediofe. Daktari aliniambia nitembee kila siku, na pale kwa mama, ukitembea upande wowote, unafika kanisani. Nilikuwa naingia kupumzisha miguu. Mabenchi yana kivuli na hakuna anayekuuliza kazi yako. Wiki ya kwanza nilikaa nyuma kabisa kama mtu anayesubiri mvua ipungue. Misa ilipokwisha nilibaki nimekaa.

Ningependa kusema kwamba nilifikia uamuzi kwa hoja. Nimesoma hoja za pande zote mbili, za kuwepo kwa Mungu na za kutokuwepo, na zamani niliweza kuzitetea zote kabla ya chakula cha mchana. Hazikunisaidia. Kilichotokea ni kidogo mno hata naona aibu kukiandika. Asubuhi moja nilikaa pale baada ya watu kuondoka, mwanamke mmoja anafagia upande wa mimbari, nikarudia neno lile nililolisema wodini. Nimechoka. Safari hii nilijua namwambia nani. Nilikuwa namwambia Yule aliyening'inia pale juu ya altare, ambaye naye alionekana amechoka kuliko mimi. Niliona kwamba nimemfahamu tangu Ombaci, nikampita kila mara kama mtu anayempita jirani njiani kwa kuogopa mazungumzo marefu. Nikasema, basi, nitakufuata. Halafu nikakaa nikiogopa kidogo, kama mtu aliyetia sahihi kabla ya kusoma.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri alikuwa kijana, mdogo kuliko mtoto wangu wa kwanza.

"Ni muda gani tangu maungamo yako ya mwisho?"

"Padri, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Alitazama saa yake. "Basi tuanze na mambo makubwa," alisema, "tusije tukachelewa chakula."

Jumapili nilipokea komunyo. Mama alikuwa benchi la mbele, akageuka, akaniona kwenye mstari, akarudisha macho yake mbele. Nilitegemea machozi, au walau kuku. Nyumbani aliniwekea ugali wa muhogo na mboga za majani zenye simsim, kama siku zote, akakaa chini.

"Nimefurahi," alisema. "Sasa nenda Lurujo."

"Nitakwenda nikipata nguvu."

"Mtoto wangu, mimi nilikuzaa. Alikulea yeye. Hakunizuia kukuona hata siku moja, na angeweza. Akisikia habari hii kwa watu wa sokoni, mimi ndiye nitakayeona aibu, si wewe. Nguvu utazipata njiani."

Nilikaa wiki tatu zaidi nikizitafuta nguvu hizo. Kila nilipomwaza shangazi nilimwona amekaa kwenye mkeka wake, na nikajiuliza kama baada ya kusema ningekuwa bado na mtu Lurujo. Kumpoteza Mungu nisiyemjua kungekuwa jambo la kuandikia insha. Kumpoteza yule mwanamke kungekuwa kubaki yatima mara ya pili, nikiwa na mvi.

*

Binamu alinipokea Koboko kwa pikipiki yake. Aliponiona alivua kofia.

"Karibu, marehemu."

"Acha mchezo."

"Mchezo gani? Mimi nalia machozi ya kweli siku ile. Tena udongo ya pale iko ngumu, waulize vijana. Panda, marehemu. Kaa vizuri, usikufe mara ya pili."

Njia nzima aliwatangazia watu aliowajua kwamba amebeba maiti, na watu walicheka, wakanipungia. Nilicheka pia, kwa adabu.

Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba anaanika muhogo juu ya turubai. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama kana kwamba anaihesabu vidole.

"Umekonda. Kule Ediofe wanakupa nini, sala tupu?"

Kabla sijakaa alinipeleka kuliona. Lilikuwa kando ya kaburi la baba, chini ya mabati manne yaliyokandamizwa kwa mawe. Binamu alivuta mabati mawili. Nilichungulia. Lilikuwa limenyooka vizuri, limeelekea kibla, na ubavuni mwa chini kulikuwa na mwanandani, ule uwazi anamolazwa maiti wa Kiislamu kabla ya kufukiwa. Kaburi la Mkristo halina. Mtu yeyote wa huku angelitazama akajua mwenyewe alikuwa nani.

"Mbuzi ya jirani alianguka ndani kabla yako," alisema binamu. "Tulimtoa na kamba. Alikuwa na kelele kuliko wewe."

"Sheikh anasema hii iko shimo tu, tufukie," alisema shangazi. "Wazee nasema shimo ya mutu hapana fukiwa tupu, lazima tuweke mgomba ndani. Mimi nikasema hapana, hakuna kufukia, hakuna mgomba. Mwenyewe akuje aseme."

Alikuwa ameelewa mapema kuliko mimi. Tangu siku ile wodini, swali la mama lilikuwa limebaki wazi pale chini ya mabati, na yeye ndiye aliyekataa lizibwe mpaka nilijibu.

Tulirudi uani. Binamu alikwenda kuegesha pikipiki mahali ambapo, kwa bahati, angeweza kusikia kila kitu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu yenye heshima kwa pande zote, hotuba ambayo ingepita katika mkutano wowote wa wafadhili. Nikaitazama ile mikono yake yenye unga wa muhogo, na hotuba ikanitoka.

"Shangazi, nimeamua kumfuata Yesu. Nasali Ediofe. Si kwa ajili ya mama, hakuniambia. Nimeamua mwenyewe."

Aliendelea kugeuza vipande vya muhogo, kimoja kimoja.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka hospitali."

"Na miaka yote ile ulikuwa wapi?"

"Sikuwa popote."

"Hiyo mimi najua," alisema. "Hiyo iko ile ilikuwa naniumiza. Nilikuwa nasema, huyu mtoto hasali na sisi, hasali na wao. Siku Mungu akimwita, ataitika kwa wapi?"

Alisimama, akapangusa mikono kwenye kitenge, akakaa kwenye mkeka akiwa amenipa ubavu.

"Na mimi nikikufa?" alisema. "Wanaume watasimama mstari, wataniswalia. Wewe utakuwa wapi?"

Hilo ndilo nililokuwa nimelikimbia kwa wiki tatu, na jibu lake halikuwa zuri.

"Nitakubeba. Nitashika jeneza pamoja na wengine mpaka mwisho, na nitafukia kwa mikono yangu. Lakini wakati wa kuswali nitasimama pembeni. Nitakuombea, shangazi, ila nitaomba ninavyoomba sasa. Nikisimama kwenye mstari nitakuwa nakudanganya, na wewe utakuwa umekufa, hutaweza kunichapa."

Hakucheka. Binamu, kule kwenye pikipiki, alijifanya anaangalia mnyororo.

Wakati wa adhuhuri ulifika, akaingia ndani kuswali, akakaa huko muda mrefu kuliko sala yenyewe. Nilikaa juani. Nilifikiri, kama akitoka akaniambia niende, nitakwenda, na sitakuwa na la kusema. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba uamuzi wangu una gharama, na kwamba si mimi peke yangu ninayeilipa.

Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyelia akanawa.

"Mimi sikubali," alisema. "Usirudi kusema shangazi amekubali. Lakini umekuja, umesema na mdomo yako mwenyewe. Baba yako hakuweza kusema jambo gumu hata moja. Alikuwa anatuma watu." Akamgeukia mwanawe. "Kata mgomba. Ile kubwa."

"Mama, tufukie kabisa? Udongo ile yote?"

"Kwani iko ya nani? Mwenyewe amesema haitaki."

Binamu alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Marehemu," alisema, "ungeniambia mapema. Mimi ningechimba kidogo."

Tuliushusha mgomba kwa kamba, tukaulaza mwanandani, na mzee mmoja wa jirani aliyekuja kuona aliomba dua fupi ya kuondoa balaa. Nilisimama pembeni kama nilivyosema nitafanya. Halafu nikachukua sepetu. Mwili ulikuwa bado haujapona, na baada ya muda mfupi nilikaa juu ya lundo la udongo nikitweta.

"Muone," binamu alimwambia mzee, "amechoka kujizika mwenyewe."

Shangazi alinipa maji kwenye kikombe. Hakula pamoja nami siku hiyo. Alinipakulia, akasema hana njaa, akakaa mbali kidogo akinitazama ninavyokula, na nilikula chote kwa kuwa sikujua kitu kingine cha kumpa. Jioni, nilipokuwa nimepanda pikipiki, alikuja mpaka karibu na gurudumu.

"Hiyo misa ya Ediofe iko saa ngapi?"

"Ya kwanza ni saa moja asubuhi."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Wewe hujawahi kuamka mapema tangu uzaliwe," alisema. "Ulikosa alfajiri zote hapa kwangu. Ukienda kule ukaanza kukosa na kule pia, utakuwa umeniacha bure."

*

Sasa hunipigia kila Jumapili akishamaliza alfajiri yake, giza bado liko nje. Hasalimu.

"Umeamka?"

"Nimeamka, shangazi."

Mara nyingi ni uongo, na anajua. Kumfuata Mungu hakujaniondolea uchovu, hilo niliseme wazi kwa wale wanaongoja ushuhuda mtamu. Zipo Jumapili nyingi ambazo naamka mkavu kabisa, na imani yote iliyomo ndani ya nyumba ni ile sauti ya mwanamke Mwislamu kwenye simu, ambaye bado hajakubali na hunikumbusha kwamba hajakubali.

Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku. Nilimwambia barabara imejaa matope, kwamba mgongo unauma, kwamba Mungu anaelewa.

"Mungu naelewa," alisema. "Mimi ndiyo sielewi. Vaa kiatu."

"Nitavaa."

"Vaa sasa. Mimi nasikia."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, simu begani, nikatafuta viatu kwa miguu gizani. Nilivaa cha kulia, nikamwambia. Akauliza cha kushoto.